Chemo ya mama mkwe nyumbani kwangu Kiboko: jinsi heshima ya Kikamba nusura itupokonye mtu

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa chai na wa ile nyingine.

Kuna dada ameuliza humu jinsi ya kukaa na mzazi anayefanyiwa chemo. Amejibiwa sana, na karibu majibu yote ni ya vyakula. Beetroot, asali, vitunguu saumu, majani ya sijui mti gani. Sina ugomvi na majani ya mtu. Lakini mimi nilipopitia hayo, chakula hakikuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa heshima.

Ni kisa kirefu kidogo, tafuta mahali pa kukaa. Nilichoona nitasema nilikiona, na nilichosimuliwa na bibi yangu, yaani mke wangu, nitasema ni yeye. Sina haja ya kuongeza chumvi. Mzee wa umri wangu akidanganya watu mtandaoni anapata nini?

Mimi ni mtu wa Kalamba, Makueni. Miaka ya themanini nilikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la utafiti pale Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Nilipewa nyumba ya wafanyakazi: vyumba viwili, jiko nyuma, stima, mfereji uani, na choo kule mwisho kabisa wa ua. Niliishi na bibi yangu, Mama Ndinda, na Ndinda mwenyewe, ambaye wakati huo ndiyo kwanza anajifunza kutambaa.

Bibi yangu ni wa Kabati, upande wa Kitui. Mama yake ndiye mgonjwa wa kisa hiki.

Sasa, kwa wale ambao si Wakamba, nisimame hapa kidogo. Mama mkwe kwetu ni muthoni. Na kati ya mwanamume na muthoni wake kuna kitu kinaitwa nthoni. Ukisema ni aibu umekosea, ukisema ni heshima pia hujafika. Ni yote mawili yamepikwa chungu kimoja.

Humwangalii usoni. Humshiki mkono. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Mkikutana njiani mmoja wenu anaacha njia. Jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako chooni. Na kulala nyumba moja, hilo hata halizungumzwi.

Vijana wa leo mnakumbatiana na mama wakwe na kupiga selfie. Sawa, hongereni. Mimi nilikuwa na miaka kadhaa kwenye ndoa na sikuwa nimewahi kuuona uso wake vizuri. Nilimjua kwa leso yake, kwa viatu vyake vya raba na kwa sauti. Mara moja nikiwa Kabati nilimwona anakuja kwa ile njia ya kisimani na hapakuwa na kona ya kupinda. Niliingia kwenye mikonge. Nilitoka na miiba hadi mahali ambapo sikuweza kumwomba mtu anitolee.

Na si kwamba alikuwa mtu wa mambo ya kale. Alikuwa ameokoka, mwimbaji kanisani, hata tumbaku alikuwa ameacha. Alikuwa ameacha mambo mengi ya zamani, lakini nthoni ilibaki pale pale.

Basi, tuendelee.

Habari ya ugonjwa ilikuja kupitia kwa bibi yangu. Aliniambia mama yake ana uvimbe. Nikauliza uko wapi. Akaangalia chini. Nikajua uko mahali ambapo mkwe haulizi, nikanyamaza. Hadi leo sijawahi kutaja mahali penyewe kwa mdomo, na hapa pia sitapaandika. Watu wazima mmeelewa.

Alifanyiwa upasuaji Nairobi kwenye hospitali kubwa. Halafu daktari akasema upasuaji hautoshi, lazima apigwe dawa za mshipa, kila baada ya wiki tatu, kwa miezi kadhaa. Akasema pia kwamba dawa hizo zikiachwa katikati, ugonjwa unaweza kurudi na hasira.

Shida ikawa mahali pa kukaa. Kutoka Kabati hadi Nairobi wakati huo, mvua ikinyesha, ungeweza kulala ng'ambo ya mto ukingoja maji yapungue. Mzee wake alikuwa na miguu mibovu. Ndugu wa bibi yangu walikuwa kazini mbali, mmoja Mombasa, mwingine jeshini. Nyumba pekee yenye maji, stima na lami mlangoni ilikuwa yangu.

Niliwaza siku nzima nikiwa juu ya trekta. Jioni nikamwambia bibi yangu, "Mlete hapa."

Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. "Sasa wewe utalala wapi?"

"Mimi ni mwanaume, siwezi kosa mahali pa kulala."

"Na yeye akikataa?"

"Muulize ni nani atamchukua kila wiki tatu kutoka Kabati."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mzee wake ndiye aliyemwambia aende, na akaenda, akiwa na begi moja na leso imefunika kichwa hadi kwenye nyusi.

Mimi nilihamia kwa Hassan. Huyu alikuwa jirani yangu mwenye duka, mtu wa upande wa Garissa, aliuza unga na sukari na kununua mbuzi wa kusafirisha. Alinipa kona ya stoo yake, kati ya magunia ya chumvi ya mifugo. Alinikaribisha vizuri, lakini hakuacha kunishangaa.

"Dereva, huyu mama iko na bunduki?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana."

"Sasa unakimbia nini? Kwetu mama ya bibi ni mama. Unamsalimia, unaketi, unakunywa chai."

"Kwetu ni heshima."

"Wallahi, heshima gani hii ya kulala na chumvi?"

Kazini nako walisema nimefukuzwa na bibi. Niliwaacha waseme.

Tukajiwekea utaratibu. Asubuhi nikija kunywa chai, nilikohoa nikiwa bado barabarani. Nikifika kwenye ua nilianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti, ili asikie aingie chumbani. Sauti yangu si nzuri, majirani watashuhudia. Nilipofika mlangoni pazia lilikuwa limeshashuka.

Alipotaka kusema nami, hakusema nami. Alisema na mtoto.

"Ndinda, ambia baba yako hii mfereji inavuja."

Ndinda hata neno moja hakuwa anajua. Alikuwa ameketi hapo anatafuna kijiko. Mimi nami nilimjibu Ndinda: "Mwambie nyanya yako nitaitengeneza jioni." Na pazia lilijibu, "Mm." Tuliendesha nyumba hivyo, kupitia kwa mtu asiye na meno, na mambo yalienda.

Sasa kuhusu chemo yenyewe, nisije nikaambiwa nimeleta mila badala ya matibabu.

Siku ya dawa waliondoka alfajiri kwa basi, yeye na bibi yangu. Nikipata ruhusa nilienda nao, nikakaa viti vya mbele kabisa ili asilazimike kuniona, nikamshika Ndinda. Hospitalini nilikaa nje kwenye benchi. Bibi yangu ndiye aliyenisimulia: walimtundikia maji, halafu nesi akaja na sindano kubwa ya dawa nyekundu kama soda ya Vimto, akaisukuma polepole. Mama hakulia. Aliuliza tu kama hiyo rangi itatoka, kwa sababu alikuwa amevaa nguo nyeupe ya kanisa. Nesi akamwambia rangi itatokea kwenye mkojo, asiogope. Bibi yangu alisema hilo ndilo lililomtisha kuliko sindano.

Siku mbili tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Alitapika hadi pakawa hakuna cha kutoka. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu, yeye tumbo linageuka. Chai ya maziwa aliyokuwa akiipenda ikawa inamnukia kama sufuria ya chuma. Mdomo ulitoka vidonda. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, ambayo Mkamba akinyimwa anaona ameonewa, hakuweza hata kuiangalia.

Alichoweza ni uji mwepesi wenye ukwaju. Nilijua hivyo kupitia kwa Ndinda. "Ndinda, ile uji ya ukwaju imekaa tumboni." Ukwaju ulikuwa kazi yangu. Kando ya mto pale Kiboko miti ipo, na kila nikipita na trekta nilirudi mfuko umejaa. Nilifurahi sana kuwa na kitu cha kufanya. Mwanamume mwenye mgonjwa nyumbani na hana kazi ya kufanya ni mzigo mwingine.

Nywele zilitoka baada ya dawa ya pili. Bibi yangu alizinyoa zote siku moja, mchana, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa kazini. Niliporudi nilimkuta bibi yangu akifagia ua uliokuwa safi, macho mekundu.

Hapa ndipo nilifikiri tumeshazoea. Tunajua siku za kutapika, tunajua siku za uchovu, tunajua baada ya hapo anapata nguvu na kuanza kusuka kiondo chake nyuma ya pazia. Nikawa nawaambia watu kazini kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa yeye.

Daktari alikuwa amesema anywe maji mengi, kila siku, hata kama hataki. Bibi yangu alimjazia jagi kila asubuhi na jioni akalikuta tupu. Tukaridhika. Lakini mkumbuke choo kilikuwa mwisho wa ua. Na mimi, kwa kumjali, nilikuwa nimeanza kushinda pale nyumbani kila nilipopata nafasi. Nilikuja saa nne, nikaja mchana, nikaketi kibarazani, nikatengeneza mfereji, nikachonga mpini wa jembe. Niliona ni vyema mgonjwa ajue kuna mtu karibu.

Yeye naye, ili afike chooni, ilibidi apite mbele yangu, akiwa hana nywele, anayumba, pengine anatapika njiani. Mbele ya mkwe. Haiwezekani. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo Mkamba wa kweli ataelewa: aliacha kunywa maji. Jagi lile alikuwa anamwaga dirishani. Asiponywa hana haja ya kwenda, na asipoenda hanikuti.

Yaani mimi nakaa pale kwa heshima, yeye anakauka ndani kwa heshima. Na kila mmoja wetu anaona anafanya vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Mama Ndinda aliona mama yake ameamka vizuri, akamwachia mtoto kidogo akaenda kununua mboga. Mimi nilikuwa shambani. Trekta ikakataa kuwaka, nikaiachia fundi, nikaja nyumbani kabla ya wakati wangu.

Nikakohoa barabarani. Nikaimba wimbo wangu kwenye ua. Nikasikia Ndinda analia, kile kilio cha mtoto aliyelia muda mrefu. Nikaimba kwa nguvu zaidi. Hakuna pazia lililosogea.

Nikasimama mlangoni. Halafu nikasikia sauti yake, chini sana.

"Ndinda... ambia baba yako..."

Hakumaliza.

Nikaangalia huku na huku nitafute mwanamke wa kuita. Jirani wa kulia, kufuli. Jirani wa kushoto, kufuli. Siku ya soko hakuna mtu. Nitawaambia ukweli wakuu, niliogopa, na si kifo nilichoogopa. Niliogopa ule mlango. Miguu ilikuwa imefundishwa tangu utotoni isivuke pale, na sasa naiambia ivuke.

Nikaita, "Mwaitu?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Sikuwa nimewahi kumwita hivyo wala kwa jina lolote. Hakujibu, basi nikaingia.

Alikuwa amelala sakafuni kati ya kitanda na ukuta, mtoto amemshika nguo. Leso ilikuwa imetoka. Jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kuangalia kama anapumua, ni kuvua koti langu la kazi na kumfunika kichwa. Lilikuwa linanuka dizeli. Hadi leo bibi yangu hunicheka kwa hilo, lakini mkono ulienda wenyewe.

Kisha nikamgusa paji la uso. Alikuwa anachoma kama sufuria. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Nikamweka mikononi nikamwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa mtu mzima, na hapakuwa na uzito. Nimebeba mifuko ya mbegu mizito kuliko yeye. Hapo ndipo nililia, nikitembea, Ndinda anatambaa nyuma yetu akipiga kelele.

Hassan aliniona kutoka dukani kwake. Aliwaambia wateja watoke, akafunga duka, akaleta pickup yake ya mbuzi. Akamchukua Ndinda akamweka mbele kando yake. Mimi nikapanda nyuma, nikaketi kwenye majani ya mbuzi, kichwa cha mama mkwe wangu kwenye mapaja yangu.

Tulipofika hospitali ya karibu, daktari kijana alimtundikia maji haraka, akampa dawa ya sindano. Akanieleza kwamba chemo hushusha damu inayopigana na magonjwa, kwa hiyo homa kwa mtu kama huyu si ya kungoja kesho. Na zaidi ya hapo, alisema, huyu mama amekauka.

"Anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Sijui."

"Anakojoa mara ngapi?"

Wakuu, niliangalia ukuta.

"Wewe ni nani yake? Kijana yake?"

"Mimi ni mkwe."

Alikuwa Mkamba. Nilimwona anashusha macho kwenye kalamu yake na kuifunga na kuifungua. Naye alikuwa na mama mkwe mahali. Akasema kwa upole, "Sawa. Tutangoja mama watoto aje."

Alilazwa, akapona homa. Bibi yangu alipofika na kumbana ndipo akamwambia kuhusu maji na dirisha. Bibi yangu alitoka nje ya wadi, akaniambia, akaketi chini pale pale kwenye simiti. Nami nikaketi.

Tulidhani ya Mungu ni mengi, tumenusurika. Lakini alipotolewa hospitalini alisema neno moja tu. Hataki Kiboko, hataki Nairobi, hataki dawa. Arudishwe Kabati.

"Amenibeba," alimwambia binti yake. "Ameona kichwa changu. Ameniona nimelala chini. Nitarudi kwa hiyo nyumba nikiwa na uso gani?"

Bibi yangu akamwambia, "Mwaitu, ukiacha dawa utakufa."

"Heri nikufe na heshima yangu."

Na hakuwa anatisha. Yule mama hakuwa mtu wa kutisha bure. Tukampeleka Kabati. Zilikuwa zimebaki dawa nusu na zaidi. Tarehe ya kurudi Nairobi ilikuwa inakaribia, na kila jioni Mama Ndinda aliniangalia kana kwamba mimi nina jibu. Nilikuwa nimerudi kulala nyumbani kwangu, kitandani kwangu, na sikuwahi kulala vibaya hivyo hata kwenye chumvi.

Halafu mzee, baba mkwe wangu, akatuma mtu aniite.

Nilienda nikijua nitalaumiwa. Nilimkuta ameketi nje, fimbo kati ya magoti. Hakunilaumu. Aliniuliza habari ya mvua ya Makueni, ya trekta, ya mtoto. Ndipo akasema, "Hii nthoni yenu imekuwa kubwa kuliko mtu."

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliweka mlango ya kuingia na mlango ya kutoka. Leta mbuzi na blanketi. Tuiondoe."

Hapa tena nisimame kidogo. Nthoni huondolewa, ndiyo. Kila upande una namna yake, wa Kitui na wa Makueni hawafanyi sawa, hata mbari na mbari. Kwa hiyo msinishike shati kwamba kwenu ni ng'ombe. Kwao ilikuwa mbuzi na blanketi. Mara nyingi watu huingoja miaka mingi, hadi mkwe awe na mvi. Sisi hatukuwa na miaka.

Mbuzi alichaguliwa na Hassan. Alikataa katakata nichukue nimpendaye. "Wewe jua trekta," aliniambia, akaingia zizini akatoka na mmoja mweupe ambaye hata mimi niliona ni mbuzi wa maana. Alimfunga mwenyewe kwenye gari la rafiki yake lililokuwa linaelekea Kitui.

Kulikuwa na wasiwasi kwamba mama, kama mtu wa wokovu, atakataa mambo ya kuchinja. Bibi yangu alimuuliza. Akafikiri, akasema mbuzi ya kula haijawahi kuwa dhambi.

Mbuzi akachinjwa, akachomwa. Mzee aliomba, sala ya kanisa kabisa, akataja ugonjwa na barabara na madaktari. Kisha nikaambiwa niingie ndani na blanketi.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha chini, mgongo kwangu. Mzee akasema, "Mfunike." Nikamfunika mabega. Mzee akamwambia ageuke.

Aligeuka. Akakata kipande cha ini, akala nusu, akaninyooshea nusu iliyobaki. Nikala mbele yake. Nilimeza ini hilo kama kidonge. Bado nilikuwa naangalia sahani.

Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Alifungua leso kichwani akaiweka magotini. Kichwa kitupu kabisa.

"Niangalie," akasema. "Niangalie yote sasa, tumalize."

Nikainua macho. Uso mwembamba, nyusi hazipo, macho makubwa yenye akili na uchovu. Alikuwa mzuri, wakuu. Hakuna aliyekuwa ameniambia mama mkwe wangu ni mzuri. Naye alikuwa ananiangalia mimi, kwa mara yake ya kwanza pia, akinichunguza kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo.

Nilingoja baraka, au neno zito. Alisema:

"Choo yako iko mbali sana."

Nyumba nzima ikacheka. Mzee alicheka hadi fimbo ikaanguka. Mimi nilicheka na machozi yananitoka, nikamwambia, "Ndiyo, mwaitu. Nitajenga ingine karibu."

Nikakijenga, Jumamosi mbili, na kijana mwenzangu wa kazini. Hatua chache kutoka mlango wa nyuma.

Alirudi Kiboko kabla ya tarehe ya dawa kupita sana. Daktari wa Nairobi aligomba kidogo kuhusu kuchelewa, akaendelea. Sasa nilikuwa naketi ndani, karibu na kitanda. Bibi yangu akichoka, mimi nilimshikia beseni. Maji alikunywa mbele yangu, glasi kwa glasi, akilalamika kwa kila moja. Aligeuka kuwa msemaji sana yule mama. Miezi yote ya kuongea nyuma ya pazia ilikuwa imemrundikia maneno. Alinikosoa uimbaji, alinikosoa ninavyomlea Ndinda, aliniambia trekta yangu inanifanya niongee kwa kelele. Safari hii nililala kwangu, chumba cha mbele, yeye na mtoto chumba cha ndani. Hassan alisema stoo imepoa.

Dawa ya mwisho nilikuwa ndani ya chumba, nimesimama kando. Nesi aliitoa sindano akasema, "Haya mama, tumemaliza." Mama Ndinda alilia. Mama mkwe wangu aliangalia mkono wake uliojaa alama, akaukunja, akasema ana njaa. Anataka muthokoi.

Nywele zilianza kurudi akiwa ameshaenda Kabati. Zilirudi nyeupe na laini kama za mtoto.

Ninachosema kwa yule dada, na kwa yeyote mwenye mgonjwa wa chemo nyumbani: chunguza mgonjwa wako anaogopa nini ndani ya nyumba yako. Usiangalie sahani tu. Mtu anaweza kukataa maji, chakula au dawa yenyewe, na sababu isiwe tumbo. Inaweza kuwa anaona aibu na mkwe, au na mke wa mwanawe, au na watoto wakimwona bila nywele. Na hatakuambia, kwa sababu kukuambia ndiyo hiyo aibu yenyewe. Homa ikija, usingoje. Na mila ukiona imeanza kukausha mtu, nenda kwa wenye mila uwaulize. Mimi nilidhani watanifunga zaidi, kumbe ufunguo walikuwa nao.

Wakamba wenzangu karibuni mnirekebishe, najua mtakuja na ng'ombe zenu. Na watu wa pande nyingine, mliuguza vipi wakwe zenu? Mliokuwa wagonjwa wenyewe, nyinyi zaidi, semeni mlichoficha.

EDIT: Wengi mmeuliza kama ugonjwa ulirudi. Ulirudi, Ndinda akiwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Hiyo mara mama mkwe alikataa dawa, na tulipomsikiliza tuliona anajua anachosema, hatukumlazimisha. Wanawe wa kiume wakati huo walikuwa na nyumba nzuri, mmoja alimjengea hata pale Kabati, ya mawe. Akapanda basi akaja Kiboko na begi lake.

Bibi yangu akamuuliza, mwaitu, kwa nini usiuguzwe kwako, una nyumba ya mawe?

Akasema, "Huko kila mtu ataanza kuniona mgonjwa upya. Hapa kuna mtu alishaniona."

Alikaa nasi hadi mwisho.